Zindiko Lililofukiwa Uani

Mwezi uliopita tulimzika Baba Neema, na sahani za wali hazijaoshwa bado, watu walikuwa wameshapata mchawi. Nilikuwa nimekaa mkekani, sebuleni kwake Magomeni, miguu imekufa ganzi, nangoja chai, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wananong'ona kwamba chini ya godoro la marehemu kumekutwa kitu. Kitambaa chekundu kimefungwa uzi. "Si bure," akasema mmoja. "Yule mwanamke kamla." Yule mwanamke ni Mama Eliza, mke wa pili, aliyemwogesha mzee na kumlisha uji kwa kijiko tangu alipopooza. Saa hiyo alikuwa chumbani peke yake na hakuna aliyeingia kumshika mkono. Na nje, chini ya turubai, mchungaji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusema kwenye kipaza sauti kwamba marehemu, maisha yake yote, hakugusa mambo ya giza. Nilitaka kucheka, nikajikohoza.

Kisha akanijia Neema mwenyewe, binti wa marehemu kwa mke wa kwanza, mtu mzima sasa mwenye mtoto wa chuo kikuu. "Shikamoo, Bi Fatu." Marahaba. Alikuwa na bahasha kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba panya. "Wewe umekaa Kariakoo miaka yote, unavijua vitu hivi. Mchungaji anasema kichomwe. Shangazi anasema kwanza ajulikane aliyekiweka." Nikachungulia. Kitambaa chekundu kiitwacho bendera, kimepakwa nta mpaka kimekuwa kigumu kama ngozi. Uzi wa rangi tatu, mweupe, mwekundu, mweusi, na ncha zake hazikukatwa kwa mkasi, zimechomwa kwa kaa la moto. Nilijua nani kafunga vile. Nilifunga mimi, nikiwa na miaka kumi na saba.

Kabla sijafungua mdomo, Gloria, bintiye Neema, akaingilia na simu yake. "Bibi, mbona mnaogopa hivyo? Ulaya na Marekani siku hizi watu wanajiita wachawi waziwazi, ni dini kabisa." Akanisomea. Wanachora duara chini na kusimama ndani yake. Wana meza ya ibada, juu yake kikombe, mshumaa na kisu ambacho hakikati kitu chochote, hata kitunguu. Wanaita pande nne za dunia, na ardhi na hewa na moto na maji. Wanangoja mwezi mpevu. Na wana sheria moja kubwa, eti lolote umtendealo mwenzio litakurudia mara tatu. Nikamwambia mjukuu wangu, chetezo tunacho, mwezi tunao, kisu kisichokata sina shida nacho. Lakini hao mnaowaita wachawi, kwa maelezo yako wewe mwenyewe, hawamdhuru mtu. Sasa uchawi wao uko wapi? Akasema, "Ndiyo jina lao, bibi." Basi hapo ndipo ninapochokaga. Watu wana neno moja, wanalitupia kila kitu, halafu neno lile linamwangukia bibi kizee fulani kichwani.

Ndiyo maana nimekaa naandika habari ya mwaka ule. Nilikozaliwa na walionizaa havihusiki hapa. Shule niliishia darasa la nne, lakini msahafu nimeusoma, na duka la vyombo la jumla pale Kariakoo ni langu, sikurithi kwa mtu. Nitaandika ninavyojua.

Nilianza kazi kwa Mzee Mbaruku, Mtaa wa Mkunguni, duka jembamba kama kabati. Alikuwa anauza dawa za Kiswahili. Ukiingia, harufu inakupokea kabla ya mwenyewe: ubani, udi, karafuu maiti, na juu ya yote mvuje, ule unaonuka kiasi kwamba mama wa mtoto mchanga anaufunga kwenye kaniki na kumvisha mwanawe ili hata shetani aone afadhali apite. Upande wa kulia vitambaa: bafta nyeupe, bendera nyekundu, kaniki nyeusi. Upande wa kushoto mizizi kwenye makopo ya maziwa. Nyuma kabisa, nyuma ya pazia, mkeka mmoja na kibao cha kuandikia, ambako mzee alikuwa anaandika kwa wino wa zafarani. Chakula cha mchana tulikula palepale, wali wa nazi na mchuzi wa papa kutoka kwa mama lishe wa pembeni, na mimi nilinawa mikono mara tatu lakini bado wali ulikuwa na ladha ya udi.

Mzee Mbaruku alikuwa mwembamba, mwenye dharau, na hakuna kitu kilichomuudhi kama mteja asiyejua anataka nini. Anaingia mtu: "Mzee, nipe dawa ya uchawi." Mzee anamtazama juu ya miwani. "Ya kuutoa au ya kuupata? Maana ya kuupata sina, mimi naogopa polisi." Akiondoka, ananigeukia mimi, anatema maneno kama maganda ya mua. "Fatu, sikiliza. Mganga anatibu. Mchawi anadhuru. Mwanga yeye anacheza uchi kwenye uwanja wa watu, hana faida hata kwake mwenyewe. Mzimu ni wa ukoo, una pahala pake na watu wake, unataka tambiko. Pepo hana ukoo, anampanda yeyote, anataka ngoma na kitambaa cha rangi yake. Usije ukamuuzia mtu wa mzimu kitambaa cha pepo, atarudi hapa na fujo." Siku nyingine, akiwa anakunywa kahawa: "Kafara ni kitu cha kutupa. Ukikikuta njia panda kipite, ukikiokota umeokota balaa la mwenzio. Hirizi unaivaa. Kombe unalinywa. Zindiko unalifukia. Kazi yake kulinda pale lilipo. Halina miguu, halimtafuti mtu." Nilikuwa nayarudia maneno hayo njiani narudi nyumbani kama mtoto wa madrasa anavyorudia sura fupi. Baada ya miezi mitatu nilijiona na mimi mganga.

Na duka lilikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote. Mteja wa mle hatajwi. Ukikutana naye barabarani humsalimii mpaka akusalimie yeye. Hujui kanunua nini, hujui anaumwa nini. "Duka hili," mzee alisema, "lina mlango wa kuingizia maneno. Wa kuyatolea fundi alisahau kuuweka."

Nyumbani kwangu kulikuwa Ilala, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani jiko, choo na bomba moja. Mimi nililala chumba cha mwisho, kinachotazamana na mlango wa uani, chumba cha Bi Tausi. Bi Tausi hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mfupi, jicho moja lina ukungu, akaniona siku moja natafuta chumba na kitita changu kichwani, akaniambia, "Ingia, lakini alfajiri unatwanga mchele." Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yangu. Alikuwa anakaanga vitumbua barazani, na mtaa mzima ulifungua kinywa kwa vitumbua vyake. Kuta za nyumba zile hazikufika juu, paa lilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo kila neno la chumba kimoja lilikuwa la nyumba nzima. Ndivyo nilivyojua kwamba Baba Neema na mkewe Maria, chumba cha pili mkono wa kushoto, walishazika watoto wawili kabla ya Neema. Ndivyo nilivyomsikia Maria akilia, na mumewe, ambaye alikuwa mwimbaji wa kwaya na mtu wa kuwacheka wenzake wanaovaa hirizi, akimwambia, "Nyamaza. Huyu atakaa."

Basi siku moja asubuhi nainua kichwa pale dukani, namwona Baba Neema amesimama mlangoni, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Tuliangaliana. Sikumsalimu. Mzee akamchukua nyuma ya pazia, wakazungumza kwa sauti ndogo. Kisha mzee akaandika karatasi, akanipa nifunge: mvuje kidogo, mbegu za habasoda, karatasi, kitambaa cha bendera, uzi wa rangi tatu, choma ncha, chovya kwenye nta. Karatasini kulikuwa na dua, na chini yake jina la mtoto na la mama yake, kwa sababu kwenye kazi zile mtu anaandikwa kwa mamaye: Neema binti Maria. Baba Neema alirudi kulichukua zindiko lake alasiri, na mzee ameenda kuswali. Akaniuliza, "Mzee kasema nifukie kwenye kizingiti cha chumba changu. Lakini chumba changu sakafu ni saruji. Nikianza kugonga, mke wangu ataniuliza. Nikiliweka kule uani, penye udongo?" Jibu lilikuwa jepesi: ngoja mzee arudi. Lakini mimi niliyekuwa na miezi mitatu ya elimu nikavuta mdomo, nikamwambia, "Popote ndani ya nyumba. Kinga ni kinga." Akalifukia penye mlango wa uani. Yaani hatua moja kutoka mlango wa Bi Tausi.

Masika yakaja. Mvua ilipasua uani, ikachimba mfereji kutoka bombani mpaka mlangoni, na asubuhi moja Maria anafagia maji, mtoto mgongoni ana homa siku ya tatu, ufagio ukavuta kitambaa chekundu. Nilisikia ukelele nikiwa nakuna nazi. Nilipotoka, wapangaji wote walikuwa wameshazunguka, hakuna anayekigusa, kila mtu anatazama kitambaa kisha mlango wa Bi Tausi, kitambaa kisha mlango.

"Kumbe!" akasema mama wa chumba cha mbele. "Watoto wawili wote wale, kumbe!"

"Hana mtoto, ndiyo maana. Anakula wa wenzake."

"Na jicho lile."

"Na huyu binti anafanya kazi wapi? Si kwa mganga Kariakoo? Kamletea yeye."

Bi Tausi alikuwa ameshika mwiko. Akasema, "Mimi?" Neno hilo moja tu. Kisha akaingia ndani, akaendelea kukoroga unga, kwa sababu unga ulikuwa umeshaumuka na unga haungoji.

Baba Neema alirudi kutoka kazini jioni. Nilikaa ukumbini makusudi nimwone. Alifika uani, akakitazama kile kitu kilichofunikwa kwa karai kuukuu, akanitazama mimi. Nikasema moyoni, sasa. Akasema, "Mungu atusaidie," akaingia chumbani kwake. Usiku huo kupitia juu ya ukuta nilimsikia Maria akimwambia yule bibi hawezi kulala nao nyumba moja tena, na yeye akajibu, "Tumsubiri mwenye nyumba, Jumamosi."

Siku tatu hakuna aliyenunua kitumbua. Bi Tausi alikaanga vilevile, kiasi kilekile, akavipanga kwenye ungo, akafunika kwa kitambaa, na mchana tukavila sisi wawili na chai ya rangi, tukila mpaka tunakinai, na vilivyobaki akawapa bata wa jirani. "Angalau bata hawaniogopi," akasema. Watoto walianza kupita mbio mlangoni petu wameziba pua. Mwenye nyumba alishatuma salamu: Jumamosi anakuja, na bibi aanze kufunga vyombo vyake. Bi Tausi alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi, na hakuwa na pa kwenda. Huyo mwenye jina la mchawi nani atampangisha?

Nilimwendea Mzee Mbaruku nikamweleza yote, na jibu langu la kipumbavu nikalitaja. Hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Uliulizwa, ukajibu usilolijua. Hiyo ni yako," akasema. "Lakini jina la mteja si lako. Ukimtaja, kesho hakuna mgonjwa atakayeingia hapa. Ukimtaja, usirudi."

"Na Bi Tausi?"

"Mimi nauza kinga, Fatu. Siuzi haki."

Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile napandwa na hasira. Mtu aliyejua tofauti ya kila kitu na kila kitu, na alipotakiwa kuitumia elimu hiyo nje ya duka lake, akarudi kupima ubani.

Jumamosi mwenye nyumba akaja, akawekewa kiti uani. Wapangaji wamesimama. Bi Tausi amekaa kizingitini kwake, kitita chake kimeshafungwa, khanga kajitanda vizuri kama mtu anayekwenda harusini. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Akasema kitu kimwagiwe mafuta ya taa kichomwe, bibi atoke kwa amani, maneno yaishe. Nikasikia sauti yangu. "Shikamoo baba. Hicho si kitu cha uchawi. Hilo ni zindiko."

"Wewe umejuaje?"

"Nimelifunga mwenyewe. Lina mvuje, lina habasoda, lina dua. Vitu hivi mtu anamwekea mtoto anayempenda. Hakuna anayemroga mtu kwa habasoda."

Kelele zikalipuka. "Si nilisema! Kafunga yeye, kamletea bibi yake!" Mwenye nyumba akainua mkono. "Haya, binti. Nani kalinunua?"

Wote wakanitazama. Baba Neema alikuwa kasimama nyuma ya mkewe, mkono kauweka juu ya mtoto aliyelala mgongoni. Nilikuwa na jina lake kwenye ncha ya ulimi. Na nikajua papo hapo kitu ambacho Mzee Mbaruku hakunifundisha ila nilikipata kwa kumsikiliza: zindiko likifunguliwa, limekufa. Baba Neema alikuwa analijua hilo kuliko mchungaji wake. Nikasema, "Sitaji mtu. Lakini ndani kuna karatasi, na karatasi ina jina la anayelindwa. Kiarabu nasoma. Nipeni nilifungue, mtasikia wenyewe."

Nikainama, nikainua karai, nikalichukua. Watu wakarudi nyuma. Nikatia ukucha kwenye nta. Ikapasuka kidogo, tik. Nikashika fundo la kwanza.

"Usilifungue."

Alisema polepole sana. Nikaendelea kuvuta uzi.

"Fatu, nakuomba. Usilifungue. La mwanangu."

Maria aligeuka akamtazama mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Bomba lilikuwa linadondosha maji. Nilingoja. Nilingoja amgeukie Bi Tausi, aseme hata nusu ya neno. Alikuwa ananitazama mikono tu, mikono yangu na lile fundo.

Aliyesema ni Bi Tausi. Aliinuka kizingitini, akajipangusa. "Sasa mnangoja nini? Mtoto ana homa. Leteni patasi, mkalifukie panapotakiwa." Na yeye ndiye aliyekwenda kuazima patasi kwa fundi jirani, na yeye ndiye aliyemshikia taa Baba Neema alipopasua saruji ya kizingiti chake mchana ule, maana chumbani kulikuwa na giza. Mtoto homa ilishuka baada ya siku mbili. Mimi sisemi ilishushwa na nini. Maria alikuwa pia amempeleka hospitali akapewa sindano. Kesho yake asubuhi wapangaji walikuja na sahani zao barazani kama kawaida. "Bi Tausi, nitilie vinne." "Bi Tausi, leo vimeiva vizuri." Hakuna aliyesema samahani. Hata mmoja. Gloria mjukuu wangu, hiyo sheria yenu ya kurudiwa mara tatu nimeisikia, lakini watu wa nyumba ile hawakurudiwa hata mara moja, walikula vitumbua wakanenepa. Bi Tausi aliwauzia. Usiku aliniambia, "Nimevitia chumvi zaidi kidogo," akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Jumatatu Mzee Mbaruku alikuwa ameshapata habari. Ilala na Kariakoo ni pua na mdomo. "Hukumtaja," akaniambia. "Umemtajisha. Ni yale yale." Akanifukuza. Lakini kabla sijatoka akachota iliki, akanifungia kwenye karatasi, nyingi, akafunga uzi na kuchoma ncha. "Mwambie yule bibi ajaribu kutia kwenye vitumbua." Hiyo ndiyo samahani pekee iliyotoka katika jambo lile, na ilitoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Vitumbua vya iliki ndivyo vilivyonitoa. Nilivibeba kichwani mpaka Posta, maofisini, na kutoka hapo nikanunua sufuria moja, nikauza, nikanunua mbili. Bi Tausi nilimzika mwenyewe, miaka mingi baadaye, katoka mle chumbani mwake kwa hiari ya Mungu, si ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo pale msibani Magomeni nilikuwa nimeshika ile bahasha, na haya yote nikamweleza Neema, si kwa urefu huu. Inaelekea kila alipohama baba yake alilichimbua akahama nalo, na alipopooza akamwambia mkewe amwekee chini ya godoro. Mke aliitikia na hakuuliza. Mtu wa kwaya, maisha yake yote. Neema alikuwa analia bila sauti. Gloria alitaka kupiga picha, nikampiga kofi la mkononi.

"Lina jina langu?" Neema akauliza.

"Lako na la mama yako. Pale nilipopasua nta, alama ya ukucha wangu hii hapa."

"Sasa nilifungue? Nilifukie? Nifanyeje, Bi Fatu?"

Nilishawahi kuulizwa swali kuhusu kifurushi kile nikajibu haraka. Safari hii nilinyamaza mpaka nikapata jibu ninalolijua. "Hilo utaamua mwenyewe, si leo. Leo kuna jambo jingine. Watu humu ndani tangu asubuhi wanasema Mama Eliza kamla baba yako, na wewe umewasikia, na umenyamaza. Kwenye kunyamaza umemrithi mzee wako vizuri sana. Nenda chumbani. Bisha hodi. Mwonyeshe, mwambie hili ni langu, nisamehe."

Shangazi yake alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Neema alipokea bahasha yake, akainuka, sasa kaishika kwa mikono miwili, akapita katikati ya wanawake mkekani mpaka mlango wa chumbani. Kisha nikasikia, "Hodi, mama." Kwa Bi Tausi hakuna aliyekwenda kubisha.

Nikamgeukia Gloria. "Wewe, weka simu hiyo chini. Wapelekee chai. Vikombe viwili."